Korongo Lenye Jina la Baba Mkwe

Bektur alinishikia kiti nikae, kama alivyofanya kila asubuhi tangu tuanze kupendana, kisha akakaa kando yangu na kushusha chuma cha kutukinga. Kamba ya chuma ikatuvuta kupanda mlima, miguu ikaiacha ardhi, skii zetu zikaning'inia hewani. Kutoka kituo cha chini hadi cha juu ni dakika kumi na nne. Nilikichagua kiti hicho makusudi. Nikishakaa humo sina pa kukimbilia, na yeye pia hana.

"Umependeza," akasema.

"Sijalala siku tatu."

"Basi usilale tena, maana kukosa usingizi kunakufaa."

Akanitazama kwa lile jicho lake la pembeni, lile lililonifanya mwaka jana nikosee kuandika hali ya hewa ubaoni mara mbili mbele ya wageni. Nikageuza uso. Jua lilikuwa limepiga mlima mzima, weupe ukawa unaumiza macho, na chini yetu watu walikuwa wanateremka wakicheka na kuanguka. Siku nzuri kabisa. Nilitamani iwe na ukungu.

"Hiyo karatasi umeibeba?" nikauliza.

Akajigonga kifuani, juu ya koti jekundu la kikosi cha uokoaji. "Iko hapa. Mkurugenzi anaitaka kabla ya saa sita. Natia sahihi, yanakwisha."

"Imeandikwa nini?"

"Unajua imeandikwa nini. Poromoko la theluji lilishuka, redio ya kituo cha chini ikakatika, tukachelewa. Betri mbovu. Na betri ni kazi ya fundi, mzee Japar. Wanamwachisha kazi leo."

"Amebakiza miezi minne astaafu, Bektur."

"Najua. Unadhani mimi nafurahi? Mzee yule ndiye aliyenifunga viatu vya skii nikiwa na miaka mitano. Lakini baba yangu alikaa chini ya theluji dakika ishirini na sita, Begimai. Saba kati ya hizo ni za Japar. Saba. Daktari wa Bishkek amesema tungemtoa mapema kidogo tu, mkono wake wa kulia ungekuwa mkono."

Dakika saba zile zilikuwa zangu.

Inabidi nirudi nyuma wiki tano. Siku hiyo mama yake Bektur, mama Zuurakan, alikuja kwetu Karakol na ndugu zake watano, akanivisha hereni za fedha masikioni, akaninyunyizia pipi kichwani, na mimi nikawa nimeposwa. Hakunitaka. Hilo nalijua, na wala hakulificha. Alikuwa anasema, binti anayeshinda na suruali mlimani akipiga kelele redioni na wanaume, atakuja kumimina chai namna gani mbele ya wakwe? Aliyenitaka ni mume wake. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye duka la kukodisha skii akanipeleka kwenye kibanda cha redio. Aliwaambia, "Mpeni huyu. Sauti yake inasikika hata upepo ukivuma."

Jina la mzee huyo silitaji hapa. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki na hana haja ya kueleza kwa nini. Wengine siku hizi wanacheka mambo hayo, hasa wa mjini, lakini mama Zuurakan hachezi nayo. Yeye hata la mumewe mwenyewe hajawahi kulitoa kinywani tangu aolewe.

Shida yangu ni kwamba mlima wetu una makorongo matano, na la tatu lina jina la baba mkwe wangu. Ni yeye aliyelishuka wa kwanza, zamani hizo, kwa skii za mbao, na watu wakaliita hivyo mpaka kwenye ramani. Kila asubuhi mimi ndiye ninayetangaza redioni, korongo hili liko wazi, lile limefungwa. Siku mbili baada ya kuvishwa hereni nikatangaza kama kawaida. Kumbe jikoni kwa mama Zuurakan walikuwa wamekaa shangazi kutoka Naryn wanakunywa chai, na redio kama ya kibandani kwangu iko juu ya rafu inasema. Nikasikika nikilitaja jina lile, tena mara mbili, na kusema limefungwa mpaka kesho.

Shangazi mmoja akaweka bakuli chini. "Zuurakan, huyu mkweo mpya ana nguvu. Hajaingia ndani, tayari amemfunga mumeo."

Walicheka mpaka machozi. Mama Zuurakan hakucheka. Jioni alinivuta nyuma ya mgahawa wake akaniambia polepole, bila hasira, na heri angekuwa na hasira. "Wewe binti. Nimekuvisha hereni mbele ya watu. Usinivue nguo mbele ya watu hao hao. Kuanzia leo jina hilo si la mdomo wako."

Nikaapa. Tangu hapo likifika korongo la tatu namkabidhi mzee Japar kipaza sauti, yeye anatamka, mimi naendelea. Tulizoea. Hata tulikuwa tunacheka.

"Begimai," Bektur akasema. "Una baridi?"

"Redio haikukatika."

"Nini?"

"Siku ile. Redio haikukatika. Betri zilikuwa nzima. Zilikuwa zimejaa."

Hapo hapo kiti kikasimama. Huko chini lazima kuna mtu alikuwa ameanguka wakati wa kupanda, ndivyo inavyokuwa kila siku, wanasimamisha mtambo mpaka aondolewe. Tukabaki tunayumba juu ya miti ya misonobari. Bektur alivua miwani yake taratibu akaiweka juu ya kofia, ili anione vizuri, na mimi nikamwona vizuri pia, na nikajua hayo macho sitayaona tena yalivyokuwa.

"Endelea," akasema.

"Niliona theluji inakatika. Niliona kutoka dirisha la kibanda, wazi kabisa. Nikabonyeza, nikasema poromoko. Wewe ukajibu kutoka juu, ukauliza korongo gani."

"Niliuliza mara nne."

"Mara nne. Nilikusikia zote."

"Nilidhani hunisikii. Nilikuwa nakupigia kelele, nikasema masikini, redio imemfia mkononi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Huko juu hatuoni kitu, Begimai, ule mgongo wa mwamba unaziba. Nikabahatisha. Nikawapeleka vijana wanne kwenye korongo la pili. Tulichimba. Unajua tulichimba nini? Tulichimba theluji tupu."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

Nilifungua mdomo. Hata pale, kwenye kiti, na mtu niliyempenda kuliko wote, niliona aibu kulitaja jina. "Lilikuwa la tatu," nikasema.

Nikamwona anaelewa. Kunaanzia kwenye paji la uso, kuelewa, kisha kunashuka.

"Hapana," akasema.

"Redio ya jikoni ilikuwa wazi. Nilijua mama anasikia. Nilidhani kuna wageni. Nimeapa, Bektur. Nilibonyeza, jina likaja mpaka hapa, likakwama."

"Ungesema la tatu. Ungesema lenye jiwe jekundu. Ungesema chochote, Begimai. Mtoto wa miaka sita angesema lile pale."

"Najua. Sasa hivi nina maneno mia. Siku ile nilikuwa na moja tu, na lilikuwa limekatazwa. Akili iliganda. Nikatupa redio nikakimbia kumtafuta mzee Japar aje alitamke. Alikuwa juu ya nguzo ya pili anapaka grisi. Nikamwita, akashuka ngazi, ana miaka sitini na mbili, ameshuka kama kijana. Akakimbia nami mpaka kibandani akakwambia. Hizo ndizo dakika saba."

"Japar anajua?"

"Yeye ndiye aliyeniambia nyamaza. Alisema, 'Iache iwe betri, binti yangu. Mimi naondoka, wewe unaingia kwenye nyumba ya watu.' Nikanyamaza. Mkurugenzi aliponiuliza, nikasema redio ilikatika. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu. Huo uongo ulitoka bila shida yoyote."

Kiti kikashtuka, kikaanza tena kwenda. Mahali hapo ndipo kawaida alipokuwa ananibusu, baada ya nguzo ya tisa, ambako hakuna anayetuona. Tulipita nguzo ya tisa tukiwa tumetazama mbele.

"Ulijua ni yeye?" akauliza mwishoni. "Ulijua kuwa baba ndiye yuko chini?"

"Wallahi sikujua. Niliona watu wanne, wamevaa kofia ngumu, na theluji ikamfunika mmoja. Nilidhani ni wageni."

"Kwa hiyo angekuwa mgeni, angekufa."

Hilo sikuwa nimejiuliza. Siku kumi na sita nilikuwa najilaumu kwa ajili ya baba yake tu, na ilibidi Bektur anioneshe kuwa aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Nililia. Sikulia ili anihurumie, na hakunihurumia.

"Alikuchagua kwa sauti yako," akasema. "Aliniambia kabla sijakupenda. Alisema kuna binti dukani pale, sauti yake inafika."

Tukafika juu. Akainua chuma. Nilitegemea atateremka mbio aniache, na ndivyo alivyofanya, lakini kwanza alisimama akiwa amenipa mgongo, akaivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Nilitaka kumshika mkono wa koti. Miaka miwili nimeushika mkono huo bila kuomba ruhusa, na sasa vidole vyangu havikuthubutu. Akaenda. Nilimfuata kwa macho mpaka koti jekundu likawa doa, kisha likapotea nyuma ya mgongo wa mwamba.

Mimi niliteremka njia ya wanaojifunza, polepole, nikipitwa na watoto.

Mgahawa wa mama Zuurakan uko hatua hamsini kutoka kituo cha chini. Mbele ni meza sita, katikati ni jiko, nyuma ni nyumba yao, na kati ya jiko na chumba alicholazwa baba mkwe kuna mlango mmoja tu wa mbao, ambao huachwa wazi kidogo ili joto la jiko limfikie. Wateja walikuwa hawajaanza kuingia. Mama Zuurakan alikuwa anakata unga wa maandazi, mafuta yamepata moto.

"Viatu," akasema bila kugeuka.

Nikavua viatu. Nikatembea na soksi mpaka kwenye meza, nikavua hereni ya kushoto, kisha ya kulia, nikaziweka juu ya unga.

Hapo akageuka. "Zinakuwasha?"

"Hapana, mama."

"Mmegombana."

"Nimemwambia Bektur jambo. Nimeona nikwambie na wewe kwa mdomo wangu, usije ukalisikia kwa watu. Halafu nitakwenda kwa mkurugenzi kumwambia, ili mzee Japar asiguswe. Halafu nitarudi kwetu."

Akazima moto chini ya mafuta. Hakuketi. Nikamweleza, nimeinamisha kichwa, naangalia mikono yake yenye unga. Nilimweleza yote, dirisha, redio, nguzo ya pili, uongo. Sikumwambia kuwa ni yeye aliyenikataza. Nilijizuia kabisa, maana nilijua nikilisema nitajisikia vizuri kidogo, na sikustahili.

Nilipomaliza, nikainua macho. Mama Zuurakan alikuwa amegeukia dirisha la jiko, lile dogo lililo juu ya beseni la vyombo.

"Njoo hapa," akasema.

Nikasogea.

"Unaona nini?"

Niliona mlima. Niliona korongo la tatu, lote, kuanzia mdomo wake mpaka chini, na lile jiwe jekundu, waziwazi kuliko hata kutoka kibandani kwangu. Mwaka mzima nimeingia jiko lile na sikuwahi kusimama kwenye beseni la vyombo kutazama nje.

"Kila siku akipanda na wageni namtazama kutoka hapa," akasema. "Namwona kwa lile koti lake la rangi ya chungwa. Simwambii kwamba namtazama. Mwanamume ukimwambia hivyo anapandisha mabega."

"Mama..."

"Nyamaza, nami niseme. Niliona theluji inamfunika. Wewe uliona watu, mimi nilimwona yeye. Nikaruka, nikaishika redio ile pale rafuni. Nikamsikia mwanangu anauliza, korongo gani. Nikabonyeza. Nikaachia. Nikabonyeza tena. Mara tatu, Begimai. Miaka thelathini na nne nimemwita baba fulani, mwenye nyumba, yule, sikia wewe. Jina lake silijui hata linakaaje mdomoni. Unanielewa? Nilitafuta pa kulianzia sikupaona."

Akalifuta dirisha kwa kiganja, likabaki na unga.

"Na wageni walikuwepo?" nikauliza, sijui kwa nini.

"Hapakuwa na mtu. Nilikuwa peke yangu na sufuria. Unajua nilifanya nini? Nilikungoja wewe. Nikasema, binti yuko. Binti yule hana haya, anavaa suruali, anapiga kelele na wanaume, atasema tu. Nilisimama hapa nikimwomba Mungu usiwe na haya. Siku ile moja tu. Kumbe nilikuwa nimeshakufundisha."

Sikujua nimshike au nisimshike. Nilikuwa nimeingia pale kupokea hasira, nimejiandaa vizuri, na badala yake mama wa watu alikuwa ananionea aibu mimi. Alishindwa kunitazama. Tulisimama mbele ya beseni la vyombo, kila mmoja anautazama mlima asimtazame mwenzake.

"Hata wewe, mama?"

Alikuwa Bektur. Alisimama kwenye mlango wa mbele na viatu vyake vya skii, theluji inayeyuka sakafuni, na safari hii hakuna aliyemwambia avue. Sikujua amesikia kiasi gani. Nilipoona uso wake nikajua amesikia yote.

Mama yake hakugeuka. "Mwanangu, usinitazame kwa sasa."

"Watu wawili," Bektur akasema. "Watu wawili wanaompenda, wote wameshika redio." Hakupaza sauti, kwa sababu ya mlango ule ulioachwa wazi kidogo. Akaja mpaka kwenye meza, akaichomoa karatasi kifuani, akaitandaza juu ya unga. Akaziona hereni. Akazitazama, akaziokota moja moja, akazipuliza unga, akazitia mfukoni mwake na kufunga zipu.

"Hizi nitakaa nazo mimi," akaniambia. "Nina hasira, Begimai. Sijui zitakwisha lini, na usiniulize kila siku. Lakini hereni huzirudishi kwa mtu mwingine. Ukitaka kuzirudisha, zirudishe kwangu, na mimi sizipokei."

Nilitaka kusema kitu, akainua kiganja. Akanipa kalamu.

"Futa hapo palipoandikwa betri. Andika ilivyokuwa."

Nikafuta. Nikaandika kwamba redio ilikuwa nzima, kwamba mtu wa redio ni mimi, kwamba niliulizwa mara nne. Kalamu ikafika mahali pa kuandika ni korongo gani. Ikasimama. Hata kuandika, kumbe. Machozi yakadondoka kwenye karatasi na nikaona haya kwa hayo machozi pia.

"Andika," mama Zuurakan akasema nyuma yangu.

"Mama, uliniambia..."

"Najua nilichokwambia."

Akasogea mezani. Akaegemeza mikono yake miwili juu ya unga kama mtu anayetaka kuinua kitu kizito, akavuta pumzi, na mbele ya mwanawe na mbele yangu, akalisema lile jina ambalo nimelikwepa tangu mwanzo.

"Musakun."

Alilisema vibaya, akiweka mkazo mahali sipo, kama mtu aliyelisikia maisha yake yote na hajawahi kulijaribu. Akalirudia, kwa sauti ya juu zaidi.

"Musakun."

Ng'ambo ya mlango wa mbao kitanda kikalia. Kisha ikaja sauti ya baba mkwe, ile nzito, ambayo siku hizi inayatafuta maneno moja baada ya jingine.

"Nani huyo? Kuna mgeni?"

Bektur akafumba macho. Tulielewa sote kwamba mzee hakumtambua mke wake, kwa sababu hakuna mwanamke wa nyumba ile aliyewahi kumwita hivyo.

"Mkaribisheni basi," akasema baba. "Msimwache amesimama mlangoni."

Mama Zuurakan akajifuta unga kwenye aproni. Akanishika mkono, akausukuma mlango, tukaingia wote wawili kumwambia ni nani.